Tuwaandike na Waliokuja

Vitabu vya historia ya Zambia vilivyoandikwa baada ya Uhuru vilifanya kazi njema: viliturudishia heshima iliyoporwa na wakoloni. Lakini vilituhesabu kwa mafungu mawili tu, mwenyeji aliyedhulumiwa na mkoloni aliyedhulumu. Mhamiaji wa mjini akakosa hata ukurasa. Upungufu huu ni wajibu wetu kuuondoa.

Itazameni Kashikishi, mji wa wavuvi wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru. Sokoni Kibemba na Kiswahili cha Katanga husikika pamoja. Walunda wa Mwata Kazembe walitoka magharibi, kwa Mwata Yamvo, mfalme mkuu wa Walunda, wakawakuta Washila wakivua. Masimulizi ya Walunda hayafichi ugeni wao: Nachituti, mwanamke wa Kishila, baada ya kuuliwa mwanawe na kaka yake Nkuba, mkuu wa Washila, ndiye aliyemkabidhi Kazembe nchi. Mmisionari David Livingstone alipofika ziwani mwaka 1867, wafanyabiashara Waswahili walikwisha kumtangulia. Zama za ukoloni, Wagiriki walikaa Kasenga, ng'ambo ya mto Luapula upande wa Kongo, wakinunua samaki na kuwapeleka Elisabethville (leo Lubumbashi) kulisha wachimba shaba. Mvuvi wa ufuo wetu aliwauzia wao. Tutaelezaje jasho lake bila kumtaja mnunuzi wake?

Wako watakaosema kwamba kumtaja mgeni ni kumpunguzia mwenyeji ushujaa. Sivyo. Mwaka 1930, mjini Livingstone, chama cha ustawi cha Waafrika kilianzishwa na watu waliotoka Nyasaland (leo Malawi). Mbegu ya siasa ya uhuru ilipandwa pia kwa mikono ya wahamiaji. Kuwataja ni kusema kweli, na ushujaa hauogopi kweli.

Tena hasara ya kunyamaza tumeiona. Kenneth Kaunda, aliyezaliwa Lubwa na kuiongoza Zambia kupata uhuru mwaka 1964, alitangazwa na Mahakama Kuu ya Ndola mwaka 1999 kuwa hana uraia, kwa sababu wazazi wake walitoka Nyasaland. Ikiwa hayo yalimpata baba wa taifa, mchuuzi wa samaki aliyevuka kutoka Kongo atasalimika kwa lipi?

Basi, walimu wa Nchelenge, wapelekeni wanafunzi kwa wazee wa kila kabila, wenyeji na wageni, wayaandike wazee hao waliyoyaona. Wazee, msifiche mlikotoka. Nasi wasomaji, tukatae kitabu chochote kinachoisifu nchi kwa kuwafuta walioijenga.