Kuvu Iliyo Rafiki wa Mizizi

Ewe mwenye kitalu cha misindano, usiharakishe kuilaumu mbegu. Huenda miche yako iliota vema, kisha ikadumaa na majani yakageuka manjano, ijapokuwa waimwagilia maji kila siku. Katika Afrika ya Mashariki msindano ni mti mgeni. Ule uitwao patula asili yake ni Meksiko. Mbegu ilisafiri, mwenziwe akabaki nyuma.

Mwenziwe ni kuvu iishiyo mizizini. Mwaka 1885 Mjerumani A. B. Frank alitangaza ya kuwa kuvu hiyo hulisha mti, na wengi wakambishia. Leo yajulikana kuwa nyuzi zake hufika pasipofikiwa na mizizi, zikaleta maji na chumvi za ardhi, hasa fosforasi. Mti nao huilipa kuvu sukari.

Kwa hiyo nasema, kabla hujatoa fedha ya mbolea, twaa udongo wa juu chini ya misindano mikubwa, ukauchanganye na wa kitalu, kadiri ya sehemu moja kwa kumi. Usiuache ukakauka juani. Wako wasemao kwamba udongo huo waweza kuleta maradhi. Ni kweli, basi usiuchukue penye miti inayougua.

Lakini mahindi na maharage yana kuvu ya namna nyingine, ambayo kwa kawaida imo shambani tayari. Hayo usiyachukulie udongo wa misindano; utajichosha bure.