Usiifute Ritifaa ya Ng'ombe

Ng'ombe wangu alikatwa shingo na mstari mmoja wa msimbo.

Nilikuwa nikitayarisha sentensi za Kiswahili kwa ajili ya tasnifu ya uzamili. Kila sentensi ilifungwa kwa ritifaa mbili, na ritifaa yoyote ya ndani ilikingwa kwa mkwaju wa kinyume: 'Ng\'ombe wetu amepotea'. Nikazitafuta kwa rejeksi, ile fomula fupi ya kusaka matini, nikaanza na nyepesi kuliko zote: '[^']*'. Maana yake: anza kwenye ritifaa, chukua chochote kisicho ritifaa, ukiikuta nyingine simama. Ikanirudishia 'Ng\'. Basi.

Mwenzangu darasani akanipa dawa: "Futa ritifaa zote za ndani. Safisha data."

Hapo ndipo ninapogoma. Kinachosafishwa ni uchafu, na ritifaa ya ng' ni sehemu ya sauti yenyewe. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu. Ukiifuta alama hiyo umebadilisha neno, kisha unaifundisha mashine kwamba ndivyo tunavyosema.

Wala tusikimbilie kuwalaumu Wazungu. Nadharia ya rejeksi ni ya Stephen Kleene, ilichapishwa mwaka 1956. Mwaka 1968 Ken Thompson akaeleza jinsi ya kuitumia kusaka matini kwa kompyuta. Hakuna kanuni yao inayodai tufute ng'. Uvivu ni wetu.

Wapo wanaojiona wajanja zaidi: wanatazama tu kama nyuma ya ritifaa kuna mkwaju. Wanasahau kwamba mkwaju nao hukingwa kwa mkwaju. Katika 'D:\\tasnifu\\', ritifaa ya mwisho imetanguliwa na mkwaju, lakini mkwaju huo umekwisha kukingwa na mwenziwe. Ritifaa ile inafunga kihalali, na wao wanaipita.

Dawa ni hii: '(?:\\.|[^'\\])*'. Ukikuta mkwaju, uchukue pamoja na alama inayoufuata, iwe yoyote. La sivyo chukua alama yoyote isiyo mkwaju wala ritifaa. Endelea hivyo hadi ritifaa ya kufunga.

Hesabu mwenyewe: tofauti kati ya fomula yangu ya kwanza na hii ni alama 10. Anayeshindwa kuziandika asiseme lugha yetu ni chafu. Aseme amechoka.