Meza Imepambwa, Mpishi Kala Ukoko



Leo hatuleti pishi. Leo tuna neno, na tunajua litawachoma baadhi yetu. Msimu huu wa harusi umetuvusha mara kadhaa kutoka kisiwani kwenda kwa ndugu zetu wa Kigombe, pwani ile kati ya Tanga na Pangani, na kila tuliporudi tumerudi na jambo moja rohoni. Wageni wanapangiwa meza yenye kitambaa cheupe, viti vilivyovishwa, maua, uma na visu. Nyuma ya nyumba, akina mama waliokesha wakikuna nazi na kumenya vitunguu wanakula wamesimama, chakula kiko kwenye kifuniko cha sufuria. Wali ukiwa umekwisha, wanakwangua ukoko.

Tunasema wazi: meza ya namna hiyo haijaandaliwa vizuri, hata kama uma zimenyooka kama safu ya swala.

Kosa si la meza

Wako watakaotujibu haraka: "Ndiyo matokeo ya kuiga wazungu, rudini mkekani." Hatuko nao. Ni kweli, imepokewa kwa Anas bin Malik katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa akila juu ya meza iliyoinuka, chakula kilitandikwa kwenye sufra. Lakini kutokufanya si kukataza, na wanazuoni wamesema kula mezani kunafaa. Na Suratun Nur, aya ya 61, inaturuhusu kula pamoja au mbalimbali. Basi bibi mwenye maumivu ya magoti na mama mwenye mimba kubwa wakae kwenye kiti, wala wasionewe haya.

Vyombo vizuri navyo si vigeni kwetu. Ukitoka Kigombe kwenda Tanga mjini unapita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Nguzo za makaburi yale zilipachikwa mabakuli ya kauri yaliyoletwa kwa majahazi. Hata neno lenyewe "meza" tumelirithi kwa Wareno. Anayedhani sahani nzuri ni mambo ya juzi, hawajui bibi zake.

Kosa ni la nani anapata nafasi

Wasiwasi wetu ni kwa kundi la pili, nalo linazidi kukua: wanaoona sinia ni ushamba, na harusi bila meza kuu ni harusi ya kimaskini. Pesa za michango zinakwenda kukodi viti, vitambaa na sahani. Zikipungua, kinachokatwa si mapambo. Inapunguzwa nyama, unapunguzwa mchele, na wa kwanza kukosa ni wale wa jikoni. Mwanamke aliyeacha kazi yake ya dagaa siku mbili nzima kuja kukusaidia anarudi kwake na njaa, huku mgeni asiyemjua hata bibi harusi akibakisha nusu sahani.

Dini yetu haikunyamaza hapa. Katika Bukhari na Muslim tumefundishwa kwamba anayetuletea chakula, kama hatukumketisha nasi, basi tumpe japo tonge moja au mawili, kwa sababu yeye ndiye aliyevumilia joto lake na kukihangaikia. Huyo ni mtumishi. Sembuse jirani aliyekuja bure kwa mapenzi? Na tumeonywa pia kwamba chakula kibaya ni kile cha walima wanachoitiwa matajiri, maskini wakaachwa.

Tunaambiwa: "Wapishi wenyewe wanasema hawana njaa, wameshiba moshi." Dada, hiyo ni adabu yao. Wewe usiifanye ruhusa yako. Wengine wanaleta hoja nzito zaidi: si tumefundishwa kwamba anayewanywesha watu ndiye anayekunywa mwisho? Ndiyo. Lakini kunywa mwisho maana yake maji bado yapo. Zamu ya mwisho si makombo. Ukimwachia mtu ukoko hujampa zamu, umempa mabaki.

Basi tuandae namna gani?

*Mkekani.* Tandika mkeka, juu yake kitambaa safi cha chakula. Sinia moja litoshe watu wanne hadi sita. Wali katikati, mchuzi, kachumbari, ndimu na pilipili kwenye vibakuli, vikae pembeni ili kila mkono ufike. Birika na beseni la kunawia vianze kwa mkubwa au mgeni, kisha vielekee kulia. Watoto wakumbushwe yale matatu: Bismillahi, mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yako.

*Mezani.* Sahani ikae mbele ya kila kiti, uma kushoto, kisu na kijiko kulia, makali ya kisu yakitazama sahani. Bilauri juu ya ncha ya kisu, tishu au leso kando ya uma. Mgeni akishakata nyama, ahamishie uma mkono wa kulia ale. Hakuna mila ya meza inayoweza kutunyima sunna hiyo. Na wapo watakaopenda kula kwa mkono: waandalie maji ya kunawa papo hapo, bila kuwatafutia kona.

*Kote kuwili.* Kabla sahani ya kwanza haijakwenda kwa wageni, pakua sinia la jikoni. Wali mzima, nyama nzima, mchuzi wake. Lifunike na kawa, liwekwe mahali pake, na pawe na mkeka wa kukalia. Wageni wakishahudumiwa, wenye shughuli waende wakae na wapishi, wale pamoja. Kama bajeti haitoshi sinia hilo na maua, acha maua.

Hili halihitaji kikao cha ukoo. Linahitaji mwanamke mmoja mwenye sauti katika kila shughuli. Na sisi tunaoalikwa tuna kazi yetu: tukishaketi, tuulize kwa upole, "Wapishi wamewekewa?" Tukiuliza harusi tatu mfululizo, ya nne wataweka wenyewe kwa kuogopa kuulizwa. Haidhuru; wapishi watakuwa wamekula.

Mwenyezi Mungu avibariki vyakula vyetu na mikono inayovipika. Amin.

Wabillahi tawfiq.