Mwongozo wa Programu Usitufiche Maana ya "Neno"

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea orodha ya majina ya watu, mahali na vyama aliyoipanga kwa tarakilishi. Nilipoipitia, nilikuta Murang'a imekuwa Murang'A, na Ng'ang'a amekuwa Ng'Ang'A. Nikamuuliza iwapo alisinzia. Akajitetea kwamba si yeye. Alitumia amri iitwayo title katika lugha ya Python, ambayo mwongozo wasema huanza kila neno kwa herufi kubwa. Je, alisoma sentensi zilizofuata? La, aliona ya kwanza yatosha.

Kisa hiki chahusu suala linalowagawanya waandishi wa miongozo: maelezo yawe kiasi gani? Wapo washikiliao kwamba mwongozo wa maktaba ya programu, yaani hazina ya amri zilizokwisha kuandikwa ili wengine wazitumie, utaje jina la amri, kinachoingia na kinachotoka, basi. Atakaye zaidi asome msimbo wenyewe. Naomba kutofautiana nao. Msimbo wa amri hii, katika Python itumiwayo na wengi, umeandikwa kwa lugha ya C, ambayo mwanafunzi wa isimu hana sababu ya kuijua. Isitoshe, mzigo wote umebebwa na istilahi moja, "neno". Sisi wanaisimu tumebishana juu ya fasili yake miaka na mikaka. Programu haina budi kuchagua fasili moja, na ikishachagua yafaa itwambie.

Mwongozo wa Python kwa hakika unatwambia. Unaeleza kwamba neno, kwa amri hiyo, ni mfululizo wa herufi tupu, na kwa hivyo ritifaa hulikata. Unatoa mfano wa Kiingereza, ambapo they're huwa They'Re, kisha unamwelekeza msomaji kwenye amri ya capwords, itenganishayo maneno kwa nafasi peke yake. Sentensi chache tu! Sidhani waandishi walimfikiria ng'ombe wetu, ambaye ritifaa yake si alama ya ufupisho bali ni sehemu ya maandishi ya sauti moja. Hata hivyo, maadamu fasili imetolewa, yeyote kati yetu aweza kutabiri kwamba atatoka Ng'Ombe. Mfano pekee ungemfaa Mwingereza. Fasili yamfaa hata msomaji ambaye mwandishi hakumwota.

Hapo ndipo niwekapo mpaka. Mwongozo utaje mambo ambayo programu imeyachukulia kuwa kweli, na mahali yanapovunjika. Haupaswi kunifunza herufi kubwa ni nini, wala kunisimulia jinsi mashine ipitavyo herufi moja baada ya nyingine. Miongozo mingine hufanya hivyo kwa kurasa nzima, ikachosha kama hotuba ya mgeni wa heshima, na onyo la maana likazama humo. Hata huu wa Python ningeuhariri: onyo la ritifaa ningelipandisha juu kabisa, kwa kuwa wanafunzi, na sisi walimu wao tusijidanganye, husoma sentensi ya kwanza tukaenda zetu.

Mwanafunzi ameirudia orodha kwa capwords, na Ng'ang'a amerudishiwa jina lake. Sasa tunabishana juu ya KNUT, chama cha walimu, ambacho kimetoka Knut. Maelezo ya capwords hayasemi waziwazi kwamba herufi zinazosalia hufanywa ndogo; yanamtuma msomaji kwenye amri nyingine, capitalize, na huko ndiko jambo hilo lilikoandikwa.