Kamera imechukua kibendera, tubaki na nini?

KAA kijiweni dakika tano tu baada ya mechi kubwa, utasikia kilio kilekile: mshika kibendera katuua. Kwa wenzetu Ulaya kilio hicho kinaanza kuhama, maana kazi ya kuona nani kaotea inakwenda kwa kamera.

Kombe la Dunia 2022 kule Qatar zilifungwa kamera 12 chini ya paa la uwanja, zikisoma hadi sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde. Ndani ya mpira kukawekwa kifaa kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Hapo jicho la binadamu linashindana vipi, bana? Ligi Kuu England nayo ikaanza kutumia mfumo wa aina hiyo Aprili 2025.

Kwenye tenisi wamefika mbali zaidi. Wimbledon 2025 iliwaondoa waamuzi wa mistari baada ya miaka 147. Walikuwa kama 300. Kama 80 hivi wakabaki kwa kazi nyingine, ya kumsaidia mwamuzi wa kiti. Waliobaki, kwaheri.

Nasema haya huku na mimi nikijitazama. Nilipotoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi, kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuhesabu: mashuti, kona, kadi, yote kwa kalamu na daftari. Leo namba hizo zinaingia kwenye simu kabla sijageuza ukurasa. Shirika la habari la AP la Marekani lilianza mwaka 2016 kutumia kompyuta kuandika ripoti za besiboli ya ligi ndogo. Kwa hiyo baada ya mshika kibendera, anayefuata anaweza kuwa mimi.

Sasa tulie? Hapana. Tuangalie kwanza mashine inaposhindwa.

Juni 17, 2020, Aston Villa na Sheffield United. Oliver Norwood anapiga frikiki, kipa Ørjan Nyland anaudaka mpira na kuingia nao golini. Watu wameuona kwenye runinga. Saa ya mwamuzi Michael Oliver haikutoa ishara, mechi ikaendelea na kuisha 0-0. Hawk-Eye, wenye mfumo ule, wakaomba radhi: kamera zote 7 zilizibwa.

Wimbledon 2025 ikawa hivyohivyo. Mfumo ulizimwa kimakosa, mpira wa Sonay Kartal ukatoka nje, na mwamuzi wa kiti badala ya kuamua akaagiza pointi irudiwe. Anastasia Pavlyuchenkova alikasirika, na alikuwa na haki.

Umeona tatizo? Mashine iliponyamaza, binadamu naye akanyamaza. Alishazoea kuambiwa.

Halafu kuna lile bao la Luis Díaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham, Septemba 30, 2023. Chumba cha VAR kiliona vizuri kwamba hakuotea, ila kilidhani uwanjani bao limekubaliwa. Kikasema tumemaliza kukagua, na bao halali likapotea. Picha ilikuwa sawa, mazungumzo ndiyo yaliharibu.

Kwa mtazamo wangu, ujuzi wa kuona na kuhesabu unashuka bei. Unaopanda bei ni wa kuamua mashine ikiwa kimya, na wa kuongea kwa lugha fupi isiyoacha utata. Kozi za waamuzi wetu zianze kufundisha hayo sasa, sambamba na kukimbia na kujua sheria 17. Viwanja vyetu vingi vya mikoani havina kamera hizo, kwa hiyo muda wa kujiandaa tunao. Tusiutumie kusubiri.

Sidanganyi kwamba kila mtu atabaki. Hesabu ya 300 kwenda 80 inauma, na nyuma yake kuna watu wenye familia. Ila wale 80 walipata nafasi kwa sababu kulikuwa bado na kitu cha kufanya ambacho kamera haikuweza.

Mimi nimeshaacha kuhesabu kona. Filimbi ya mwisho ikilia, nakimbilia mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo kumsubiri kocha, nimuulize kwa nini amemtoa namba 10 wakati timu inatafuta bao. Jibu hilo, na jinsi alivyokunja uso akilitoa, bado halijaingia kwenye simu ya mtu.