Mshereheshaji alipwa taslimu, mahari yabaki deni



Kila ukaribiapo mwezi wa Ramadhani, harusi huwa nyingi katika miji yetu. Ni jambo la kheri. Hata hivyo imezuka ada ambayo hatuna budi kuisema: familia kushindana kukodi watu mashuhuri. Mshereheshaji awe yule asikikaye redioni, kundi la taarab liwe lile linalovuma, na mchekeshaji wa runinga naye aitwe. Hawa hudai kianzio, na salio hulipwa kabla kipaza sauti hakijashikwa. Kisha huja kutunza: wenye noti huinuka kwa madaha, asiye nacho hubaki kitini amejiinamia.

Uislamu haukuharamisha furaha. Imepokewa na Bukhari kwamba Bibi Aisha (RA) alipompeleka bibi harusi kwa mume wa Kiansari, Mtume (SAW) aliuliza iwapo palikuwa na cha kuchangamsha, kwani Ansari walipenda hayo. Lakini furaha ina mizani yake. Anas bin Malik (RA) asimulia kuwa walima mkubwa kuliko yote ambayo Mtume (SAW) aliwafanyia wakeze ulikuwa wa Bibi Zainab bint Jahsh (RA), nao ulikuwa wa mbuzi mmoja. Wa Bibi Safiyya (RA) ulikuwa wa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa.

Basi tuulizane, ndugu Waislamu: mahari ya binti yetu imelipwa? Mara ngapi hutamkwa mbele ya mashahidi kuwa ni deni, ilhali aliyekuja kusema kwa saa tatu amelipwa taslimu? Sheria inaruhusu kuichelewesha mahari kwa maridhiano, lakini ni haki ya mke iliyotajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 4. Vipi haki hiyo itanguliwe na ukumbi?

Na jirani masikini yuko wapi? Asiyechanga hapewi kadi. Mtume (SAW) alikwisha kutuonya kuwa chakula kibaya ni cha walima wanaoalikwa matajiri, mafakiri wakaachwa.

Hatuwalaumu wenye kazi hiyo. Wao watafuta riziki, na ujira wao ni haki yao. Lawama ni yetu sisi tunaokopa ili tusifiwe usiku mmoja, kisha tukawaachia vijana madeni waanze nayo nyumba yao.

Kabla kamati haijakaa, wazazi wa pande mbili wakubaliane: mahari kwanza, majirani pili, burudani kwa kitakachobaki. Vijana wa madrasa ya mtaani wanajua kupiga dufu. Na mzee aliyemjua bwana harusi tangu utotoni atamuusia kwa maneno ambayo mgeni wa kukodi hana, wala hatadai kianzio.