Kura ni Amana, Hata Katika Nchi ya Wasiokuwa Waislamu

Yako maneno yasemwayo na baadhi ya ndugu zetu wakaao Uingereza, na hata huku kwetu yamekwisha kufika: kwamba uchaguzi wa madiwani wa miji ya huko ni mchezo wa makafiri, na Mwislamu akiucheza atakavyo hana dhambi, maadamu anamsaidia Mwislamu mwenziwe apate kiti. Maneno haya ni batili, na mwenye kuyasema ameibandika dini jambo ambalo dini haina habari nalo. Na kwa kuwa wengi wetu tuna watoto na ndugu katika miji hiyo, na Mtanzania, Mkenya au Mganda akaaye huko kihalali ana haki ya kupiga kura katika chaguzi hizo, kwa sababu nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola, hatuwezi kunyamaza tukasema hayatuhusu.

Na tuanze na tukio lenyewe, asije mtu akasema tunapigana na kivuli. Tarehe 10 Juni, 2004, jiji la Birmingham lilichagua madiwani wake wote 120, watatu kwa kila kata. Miaka michache kabla ya hapo sheria ilikuwa imemruhusu kila mtu kupiga kura kwa posta bila ya kutoa sababu: karatasi huletwa nyumbani, mwenyewe huijaza, huitia saini na kuirudisha. Mwaka ule maombi ya kura za posta yaliongezeka zaidi ya mara mbili kuliko mwaka uliotangulia. Katika kata mbili zenye Waislamu wengi, Bordesley Green na Aston, yakafanyika mambo ya aibu. Watu waliombewa karatasi wenyewe hawana habari. Saini zilighushiwa. Polisi waliwakuta watu usiku wa manane ndani ya ghala huko Aston, na mbele yao mamia ya kura za wenzao.

Tarehe 4 Aprili, 2005, kamishna wa uchaguzi, Bwana Richard Mawrey, alitoa hukumu. Chaguzi za kata zote mbili zilibatilishwa, na madiwani sita wa chama cha Labour walionekana na hatia. Mmoja wao Mahakama ya Rufaa ilimwondolea hatia mwaka huo huo, na ni wajibu wetu kulitaja hilo, kwani kumsingizia mtu nako ni dhuluma. Lakini wote sita walikuwa na majina ya Kiislamu, na kesho yake magazeti ya Uingereza hayakukosa la kusema.

Sasa tazameni ubaya wa jambo hili. Mwaka 2004 Waislamu wa Birmingham walikuwa wamejaa hasira kwa ajili ya vita vya Iraki, vilivyoanza mwaka 2003, na chama kilichotawala kilichelea kupoteza viti vyake kwao. Mama wa Kiislamu, ambaye hana jeshi wala fedha, alikuwa na kitu kimoja tu cha kusema nacho "Sikuridhika": karatasi ile. Akanyang'anywa. Na aliyemnyang'anya si Mzungu. Ni mtu anayesali naye Ijumaa msikiti mmoja!

Haya basi, tuzijibu hoja zao.

Wasema: sanduku ni la makafiri, hakuna amana baina yetu nao. Jawabu: usiku wa Hijra, makureshi walipokuwa wameizunguka nyumba ya Mtume (s.a.w.) wapate kumwua, mali zao walizomwekea amana zilikuwa bado kwake. Alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) nyuma ili amrudishie kila mtu chake. Wao ni washirikina, tena ni wauaji, na amana zao zilirudi. Wewe umepewa nyumba, shule na matibabu katika mji wa watu, halafu wadai kwamba kuwahini ni halali? Imamu wetu Shafii (r.a.) amebainisha kwamba Mwislamu aliyeingia kwa amani hata katika nchi ya maadui si halali kwake kuchukua chochote chao kwa khiyana. Na aliyeingia kwa viza ameingia kwa amani.

Wasema: tumefanya kwa ajili ya jamaa zetu na ukoo wetu. Jawabu: kura ni ushahidi. Unapomchagua mtu unashuhudia kwamba anafaa. Na Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha tusimame na haki katika kushuhudia, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Basi mwenye kujaza karatasi ya mwingine bila ya idhini yake amekusanya madhambi mawili: wizi, na ushahidi wa uongo. Wala mume asidhani kwamba kura ya mkewe ni yake. Sharia haikumpa mume mamlaka juu ya mali ya mkewe; itampaje juu ya ushahidi wake?

Wasema wengine: kura yenyewe ni haramu. Jawabu: ukiiona haramu, jiepushe nayo. Tangu lini uharamu wa kitu ukahalalisha kukiiba? Tena diwani wa huko hakai kuhalalisha pombe wala kuharamisha nyama. Kazi yake ni taka, nyumba za kupanga, matunzo ya wazee, na kibali cha kujenga, pamoja na cha kujenga msikiti. Baraza la Birmingham lilitangaza Septemba 2023 kwamba mapato yake hayatoshi matumizi yake. Kodi ya nyumba ikapanda karibu asilimia 10 mwaka 2024, na zaidi ya asilimia 7 mwaka 2025. Mwaka huo wa 2025 wazoa taka waligoma, na mirundo ikajaa mitaani. Panya hawakuuliza nyumba hii ya Mwislamu au ya nani. Basi kumchagua asiyefaa kwa sababu ni binamu ni kumdhuru jirani.

Wasema: hata Wazungu waliiba. Kweli. Kabla ya sheria ya kura ya siri ya mwaka 1872, Waingereza walipiga kura kwa sauti mbele ya watu, na wagombea wakiwanywesha pombe na kuwapa fedha. Lakini tangu lini kosa la Mwingereza likawa fatwa?

Nasi masheikh tuna sehemu yetu. Mwaka 2015 hakimu huyo huyo Mawrey aliubatilisha uchaguzi wa meya wa Tower Hamlets, London, uliofanywa mwaka 2014. Miongoni mwa sababu zake ilikuwa barua iliyotiwa saini na maimamu wengi, ambayo kwa maoni yake ilitumia dini kuwalazimisha watu. Tunaweza kubishana na hukumu ile. Lakini kazi yetu ni kuwafundisha watu sifa za kiongozi: mkweli, mwaminifu, mwenye kuijua kazi. Tukianza kutaja kwamba fulani kumchagua ni wajibu wa dini, tumeigawa Pepo, na Pepo si mali yetu.

Hata hivyo, hatukati tamaa. Miongoni mwa walioifikisha kesi ya Birmingham mahakamani walikuwamo Waislamu, na hao ndio walioilinda heshima yetu. Sheria nazo zimebana. Kwa sheria ya mwaka 2006 kura ya posta imehitaji saini na tarehe ya kuzaliwa vya kulinganishwa, na sheria ya mwaka 2022 imewakataza wapiga kampeni kushika kura za posta za watu. Asiyezuiwa na taqwa huzuiwa na kanuni, na hiyo ni fedheha kwa umma uliofundishwa amana kabla ya kufundishwa mengine.

Basi waandikieni watoto wenu. Waambieni: jaza kwa mkono wako, funga bahasha mwenyewe, uipeleke mwenyewe. Akija mzee wa mtaa mlangoni kuikusanya, mkaribishe chai, lakini karatasi usimpe. Na akikwambia ni kwa maslaha ya Uislamu, mjibu kwamba Uislamu haujengwi kwa kura iliyoibiwa, kama vile msikiti haujengwi kwa matofali ya wizi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzitimiza amana zetu. Amin.